Habari za Mwisho wa Dunia Zikiingia Darasani

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote, lakini ambalo kila mwalimu aliyekaa darasani miaka michache amekwisha kukutana nalo. Nalo ni zile habari zinazozuka ghafula kwamba dunia itakwisha siku fulani. Zamani habari za namna hii zilipita kwa mdomo, sokoni na kisimani. Siku hizi hupita kwa simu, na kwa hiyo hufika upesi zaidi na kwa watu wengi zaidi. Mtoto huzisikia nyumbani, akazibeba pamoja na daftari zake, na katikati ya somo la hesabu akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba mwezi ujao dunia itagongwa na nyota?"

Tukiwafuata wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, na tukiwasikiliza walimu waliotutangulia kazini, tunaona kwamba majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kicheko: mwalimu hucheka, darasa likacheka pamoja naye, na aliyeuliza akaketi kwa aibu. La pili ni amri: "Hayo hayamo katika somo la leo. Tuendelee." Maoni yetu ni kwamba majibu yote mawili yana kasoro. Kicheko humfunza mtoto kuwa kuuliza ni fedheha. Amri humfunza kuwa shule haina la kusema juu ya mambo yanayomtia hofu. Kwa vyovyote mtoto hurudi nyumbani na hofu yake vile vile, na huko huenda akamkuta mtu aliye tayari kabisa kumjibu.

Sisi tunapendekeza jibu la tatu. Habari hiyo iandikwe ubaoni kama inavyoandikwa hesabu yoyote ya mafumbo, ichambuliwe, ikokotolewe, na darasa zima lione kama inasimama au inaanguka. Hapana haja ya vifaa vya maabara. Mara nyingi hesabu za kuzidisha na kugawanya zinatosha.

Jambo hili si dogo

Huenda msomaji akaona kwamba tunatumia rungu kuua mbu. Tangu lini uvumi ukahitaji kipindi kizima? Tunamwomba akumbuke mambo mawili yaliyotokea katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, wafuasi wa kundi moja waliambiwa kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 utakapomalizika. Wengi waliuza mali zao na kuwakabidhi viongozi. Siku hiyo ilipopita salama, wako walioanza kudai vilivyo vyao, na hapo wakatajiwa tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu, wakubwa kwa wadogo, waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada, na baadaye ikafukuliwa miili mingine mamia kadhaa katika makazi ya kundi hilo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Ilielezwa kwamba watu hao walikuwa wamehimizwa wafunge chakula hata kufa, wapate kukutana na Muumba wao kabla ya mwisho wa dunia.

Hatudai kwamba kipindi kimoja cha sayansi kingewaokoa watu hao. Mtu hafuati njia kama hiyo kwa sababu ya kutojua hesabu peke yake. Msiba, maradhi, dhiki na upweke huwa vimekwisha kumlegeza. Lakini tunadai hivi: mtu aliyezoezwa tangu utoto kuuliza "Umejuaje?", na kungoja jibu kabla ya kutoa mali au maisha yake, ana kinga moja zaidi kuliko asiyezoezwa. Kinga hiyo ni kazi ya shule. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuwalee vijana wenye akili ya kudadisi. Akili hiyo haikui kwa kudadisi mambo ya kitabuni tu. Hukua zaidi inapodadisi jambo linalomnyima mtoto usingizi.

Mifano mitatu ya kufundishia

Mwalimu anayetaka kuanza anayo mifano mingi ya tarehe zilizotajwa na kupita. Tumechagua mitatu, kwa kuwa kila mmoja hufundisha namna yake ya kupima.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1910. Mwaka huo ilionekana ile nyota yenye mkia inayoitwa Halley, na ilijulikana kwamba usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Mei dunia ingepita karibu na mkia wake, au hata ndani yake. Wanaastronomia walikuwa wamekwisha kugundua katika nyota hiyo gesi ya sianojeni, ambayo ni sumu. Baadhi ya magazeti ya Ulaya na Marekani yakaeneza hofu, na wachuuzi wakauza vidonge vya kuwakinga watu na gesi hiyo. Usiku ukapita, kukapambazuka kama kawaida.

Je, kosa lilikuwa wapi? Gesi ilikuwapo kweli, na kweli ni sumu. Kilichosahauliwa ni kuuliza "kiasi gani?" Mkia wa nyota ya namna hiyo una urefu wa mamilioni ya kilomita, lakini ni mwembamba mno, hata kuliko ombwe tunaloweza kulitengeneza kwa pampu ya maabara. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa glasi ya maji na chumvi kidogo: chumvi hiyo ikitiwa ndani ya glasi ulimi huenda ukaitambua, lakini ikitupwa katika pipa hakuna atakayeitambua, wala chumvi haikubadilika kuwa kitu kingine. Somo lenyewe ni kwamba jina la sumu halitoshi. Kipimo chake ndicho kinachoua au kisichoua.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1982. Mnamo mwaka 1974 wanasayansi wawili, John Gribbin na Stephen Plagemann, walitoa kitabu kilichosema kwamba sayari zote zitakapojikusanya upande mmoja wa jua, mvutano wao ungeweza kuchochea tetemeko kubwa la ardhi huko Kalifornia. Tarehe iliyovuma sana ilikuwa 10 Machi 1982. Mfano huu una faida ya pekee darasani, kwa sababu waliosema hivyo walikuwa wasomi. Wanafunzi wajifunze kwamba shahada ya msemaji haichukui nafasi ya hesabu.

Kwa mtoto wa pwani hesabu yenyewe ni rahisi kuifahamu. Anajua kwamba bahari hujaa na kupwa, na kwamba kuna siku za bamvua na siku za maji mafu. Bamvua huja mara mbili kila mwezi, wakati jua na mwezi vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, vikavuta kwa pamoja. Basi kule kupangana kunakotisha watu hutokea kila baada ya wiki mbili hivi, tena kwa vile vitu viwili vinavyotuvuta zaidi kuliko vyote, na wavuvi wetu hungoja siku hizo kwa kazi yao.

Na sayari je? Nguvu inayojaza na kupwesha maji huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa na tungamo kubwa, lakini hupungua upesi sana kwa umbali, yaani kwa kipeo cha tatu. Tuchukue Zuhura, sayari inayotukaribia kuliko zote. Tungamo lake ni mara 66 ya tungamo la mwezi, na inapokuwa karibu kabisa umbali wake ni kama mara 100 ya umbali wa mwezi. Kipeo cha tatu cha 100 ni 1,000,000. Gawanya 1,000,000 kwa 66, utapata kama 15,000. Maana yake, nguvu ya Zuhura ni sehemu 1 tu kati ya 15,000 ya nguvu ya mwezi. Mushtarii ni sayari kubwa, yenye tungamo kama mara 26,000 ya mwezi, lakini hata ikisogea karibu iko mbali kama mara 1,600. Kipeo cha tatu cha 1,600 ni 4,096,000,000. Gawanya kwa 26,000, utaona kwamba nguvu yake ni chini ya sehemu 1 kati ya 150,000. Hata sayari zote zikipangwa kwa rula, zikiwa karibu nasi iwezekanavyo, jumla yao haifiki sehemu 1 kati ya 10,000 ya nguvu ya mwezi. Pale ambapo maji hujaa kwa mita 3, sayari zote kwa pamoja zingeyaongeza chini ya sehemu tatu za kumi za milimita moja, yaani unene wa karatasi chache za daftari.

Zaidi ya hayo, siku hiyo ya Machi sayari hazikuwa katika mstari hata kidogo. Zilitawanyika katika pembe ya nyuzi 95 hivi kutoka kwenye jua, ambayo ni zaidi ya pembemraba. Mwanafunzi mwenye kipimapembe anaweza kuichora pembe hiyo na kujionea mwenyewe kama ule ni "mstari".

Mfano wa tatu wengi wetu tunaukumbuka, nao ni wa tarehe 21 Desemba 2012. Siku hiyo ilikuwa na habari mbili zilizosukwa pamoja. Ya kwanza ilisema kwamba kalenda ya Wamaya, watu wa Amerika ya Kati, ilikuwa inafikia mwisho. Ya pili ilisema kwamba sayari iliyojificha, iliyopewa jina la Nibiru, ingekuja kuigonga dunia.

Kalenda ya Wamaya ilihesabu siku kwa mafungu. Fungu moja kubwa, baktuni, lilikuwa na siku 144,000. Mafungu 13 ni siku 1,872,000, yaani miaka 5,125 na ushei. Hesabu hiyo kweli ilitimia mwaka 2012. Lakini hesabu ikitimia, huanza fungu jingine, kama vile ile namba ya kilomita katika gari ifikapo 99,999 inavyorudi kwenye sifuri huku gari likiendelea na safari. Kalenda ya ukutani nayo hufika mwisho kila tarehe 31 Desemba; tunachofanya ni kununua nyingine.

Kuhusu sayari iliyojificha, wanafunzi wapewe hesabu hii. Tuseme inakuja kwa mwendo wa kilomita 30 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa dunia yenyewe katika kulizunguka jua. Mwaka mmoja una sekunde 31,536,000. Zidisha, utapata kilomita 946,080,000. Basi mwaka mmoja kabla ya kufika, sayari hiyo ingekuwa mbali nasi kiasi kinacholingana na umbali wa Mushtarii. Na Mushtarii tunaiona kwa macho matupu, bila darubini, hata kijijini, tena hasa kijijini ambako hakuna taa nyingi. Sayari yenye ukubwa wa dunia, hata kama ingeng'aa kidogo kuliko Mushtarii, ingeonekana na wachungaji, wavuvi na walinzi wa usiku wa dunia nzima. Hakuna serikali wala chuo kinachoweza kuificha mbingu. Mwanafunzi akiisha kufanya hesabu hii, haambiwi tena kwamba "wataalamu wanakanusha". Anajua mwenyewe kwa nini jambo hilo haliwezekani.

Utabiri wa kweli ulivyo

Ni kosa, hata hivyo, kumwacha mwanafunzi akidhani kwamba sayansi hukataa utabiri. Sayansi hutabiri kila siku, na mfano bora ni ile ile nyota ya Halley. Mnamo mwaka 1705 Mwingereza Edmond Halley alichapisha hesabu zake zilizoonyesha kwamba nyota zilizoonekana miaka ya 1531, 1607 na 1682 zilifuata njia moja. Akasema kuwa ni nyota moja tu, na kwamba ingerudi karibu na mwaka 1758. Alikufa mwaka 1742 bila ya kuiona. Baadaye Mfaransa Alexis Clairaut, akisaidiwa na wenzake wawili, mmoja wao mwanamke aliyeitwa Nicole-Reine Lepaute, alikokotoa jinsi Mushtarii na Zohali zitakavyoichelewesha. Akasema ingelipita jua katikati ya Aprili 1759, lakini akaongeza kwamba huenda hesabu yake ikakosea kwa muda wa mwezi mmoja. Nyota ilionekana usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, ikalipita jua tarehe 13 Machi 1759. Imerudi tena mwaka 1835, 1910 na 1986, na inatarajiwa mwaka 2061.

Tofauti kati ya utabiri huu na ule wa mwisho wa dunia haimo katika kutaja tarehe, maana wote hutaja tarehe. Tofauti imo katika mambo mengine, ambayo sisi tumeyapanga kuwa maswali matano. Tunawashauri walimu wayaandike ubaoni kila habari ya namna hii inapotokea:

(a) Ni jambo gani hasa litakalotokea, wapi na lini?

(b) Litatokea kwa njia gani? Nguvu ipi, kiasi gani, kutoka wapi?

(c) Nani mwingine, mbali na msemaji, anaweza kulipima au kuliona jambo hilo?

(d) Likikosa kutokea, msemaji atakubali kwamba amekosea, au atasogeza tarehe?

(e) Sisi wasikilizaji tunatakiwa tutoe nini?

Halley anajibu yote. Alitaja jambo, akaonyesha hesabu, akawaachia wengine waipime, na wala hakumtaka mtu auze shamba lake. Nibiru haijibu hata moja: ilisemwa kwanza kwamba ingefika mwaka 2003, na ilipokosekana tarehe ikasogezwa hadi 2012. Na swali la mwisho, ambalo kwa kweli si la fizikia, ndilo ambalo lingewafaa zaidi watu wa Kanungu.

Hatari ya kufundisha dharau

Sasa tunafika kwenye hoja ambayo kwetu sisi ni nzito kuliko zote. Mwalimu anayewazoeza wanafunzi kucheka kila onyo amewadhuru sawasawa na yule anayewazoeza kuamini kila onyo. Maana yako maonyo ya kweli.

Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2004, kwa saa zetu, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, likazusha mawimbi ya tsunami yaliyoivuka Bahari ya Hindi nzima. Katika kina kirefu mawimbi hayo huenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na kutoka Sumatra hadi pwani yetu ni kilomita elfu kadhaa. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba zilikuwapo saa nyingi za kujihadhari. Nchini Kenya habari zilifika mapema, watu wakaondolewa katika fukwe, na akafa mtu mmoja tu. Nchini Somalia, ambako onyo halikuwafikia watu, walikufa mamia. Hapa Tanzania nako watu walipoteza maisha baharini. Mtu ambaye siku hiyo angecheka na kusema, "Hao ni wale wale wanaotangaza mwisho wa dunia," angeweza kulipa kwa roho yake.

Onyo hilo, likipimwa kwa maswali yetu matano, linasimama imara. Lilitaja jambo na mahali, lilieleza njia, lilipimwa na vyombo vya nchi nyingi, na lilichotaka kwa wasikilizaji ni kupanda mahali pa juu kwa saa chache. Vivyo hivyo lilisimama onyo la wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland, walioeleza mwaka 1974 kwamba gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kunyunyizia zingeharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba tabaka hilo lilikuwa limepungua sana juu ya Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Montreal. Na sasa tabaka hilo linaanza kupona. Onyo la kweli humwachia msikilizaji kazi ya kufanya. Utabiri wa mwisho wa dunia humtaka aache kazi zote. Maonyo ya mafuriko, ya ukame na ya mabadiliko ya tabianchi, ambayo wanafunzi wetu watayasikia maisha yao yote, yapimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Wala tusiwaambie watoto kwamba dunia haiwezi kupatwa na lolote. Hilo si kweli. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe la angani lenye upana wa kilomita 10 hivi liliianguka dunia mahali palipo Meksiko ya leo, na madinosauri wakatoweka. Hapa kwetu, mkoani Songwe, kipo Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani 16 hivi lililotoka mbinguni, na shule zilizo jirani zafanya vema kuwapeleka wanafunzi wakalishike kwa mikono yao. Jua lenyewe limebakiwa na miaka kama bilioni 5 ya kuwaka kama linavyowaka sasa, na wanasayansi hukadiria kwamba dunia itakuwa na joto lisilovumilika mapema zaidi, baada ya miaka kama bilioni moja. Hata sasa binadamu hakai kimya tu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Wamarekani kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye jiwe la angani liitwalo Dimorphos, na muda wake wa kulizunguka jiwe kubwa lililo mwenzake ukapungua kwa kiasi cha nusu saa.

Pingamizi tunazozitarajia

Watakuwapo watakaosema kwamba mwalimu anayejadili mwisho wa dunia anaingilia dini za watu. Sisi hatuoni hivyo. Uislamu na Ukristo hufundisha kwamba Siku ya Kiyama ipo, na zote mbili hufundisha pia kwamba saa yake haijulikani na mwanadamu. Basi anayetaja tarehe hapingani na mwalimu wa sayansi peke yake. Anapingana na sheikh na padre vile vile. Mwalimu asiseme lolote juu ya imani ya mtoto. Apime tu kile kinachopimika: tarehe, umbali, tungamo, mwendo. Yasiyopimika ayaachie wenyewe.

Wengine watasema kwamba muda hautoshi na mitihani inangoja. Tunajibu kwamba hesabu tulizozionyesha ni za vipeo, uwiano, mwendo na pembe, ambazo zote ni za kufundishwa hata hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii mwanafunzi ana hamu ya kulijua jibu.

Wengine tena watasema: je, kama mwalimu mwenyewe hajui? Basi aseme wazi, "Sijui, tutafute." Kisha awagawe wanafunzi katika vikundi, kila kikundi kichukue swali moja kati ya yale matano, na wiki ijayo walete majibu pamoja na kueleza wameyapata wapi. Mwalimu asiyejua lakini anayejua namna ya kutafuta ni kielelezo kizuri kuliko mwenye jibu la haraka.

Nafasi iliyo mbele yetu

Tunamalizia kwa jambo la kutekelezwa. Tarehe 13 Aprili 2029, siku ya Ijumaa, jiwe la angani liitwalo Apophis, lenye upana wa zaidi ya mita 300, litapita karibu na dunia, kwenye umbali wa kilomita 32,000 hivi kutoka usoni pa nchi. Huko ni karibu kuliko baadhi ya satelaiti zetu za mawasiliano, zilizo kwenye kilomita 36,000. Mbingu ikiwa safi, watu wa Afrika wataweza kuliona kwa macho matupu, likienda polepole kama nyota iliyohama mahali pake. Kwa saa zetu litatukaribia zaidi ya wakati mwingine wote baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia Jumamosi.

Hatuna shaka kwamba kabla ya siku hiyo uvumi utazagaa. Watatokea watakaokumbusha kwamba mwezi Desemba 2004 wanasayansi wenyewe walisema lina nafasi 1 kati ya 37 ya kuigonga dunia. Hilo ni kweli, na mwalimu asilifiche. Aeleze kwamba muda mfupi baadaye zilipatikana picha za zamani zaidi za jiwe hilo, njia yake ikajulikana vizuri zaidi, na nafasi hiyo ya mwaka 2029 ikafutika. Na kwamba vipimo vya rada vya mwaka 2021 vimeonyesha kuwa halitatugonga kwa muda wa miaka 100 angalau. Hapo wanafunzi wataona jambo ambalo mtabiri wa mwisho wa dunia hawezi kuwaonyesha, yaani namna watu wanavyobadili kauli hadharani kwa sababu wamepata ushahidi zaidi.

Tunashauri kwamba kila chuo cha ualimu na kila shule iandae mapema masomo mawili au matatu juu ya Apophis: hesabu za umbali na mwendo, mchoro wa njia yake, na yale maswali matano. Kisha usiku wenyewe wanafunzi watoke nje na walimu wao, pamoja na wazazi wanaopenda, watazame juu. Mtoto aliyekwisha kukokotoa umbali wa jiwe hilo darasani atasimama uwanjani usiku ule akilisubiri, na huenda akawa yeye ndiye wa kuwaeleza wazee wake kile wanachokitazama. Walimu watakaokuwa wamejaribu masomo ya namna hii, hata kabla ya siku hiyo, tunawaomba watuletee taarifa zao, wakieleza maswali waliyoulizwa na namna walivyoyajibu, ili wenzao wengine wapate kufaidika.